Nilishuhudia kanisani kwamba mwanangu amepona, na sasa kifafa kimerudi

Shikamoo Mama Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaishia njiani. Leo naimaliza, maana siku zinakwisha na nitatakiwa kusimama mbele za watu.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 11, na kifafa kilimwanza akiwa na miaka 5. Mdogo wake ni wa kike, ana miaka 8. Mume wangu ni mtu wa sala, na tangu tuoane nyumba yetu imesimama katika imani.

Mwaka jana kanisa letu lilikuwa na mkesha wa maombi. Wakati ule mwanangu alikuwa amemaliza miezi mitano bila kuanguka, jambo ambalo tulikuwa hatujawahi kuliona. Aliwekewa mikono, watu wakaomba mpaka alfajiri, nami nikajaa amani nisiyoweza kuieleza. Jumapili iliyofuata niliitwa mbele nikashuhudia. Nilisema, "Bwana amemponya mwanangu, kifafa kimekwisha." Kanisa zima lilisimama. Sikutunga, Mama. Kila neno nililiamini.

Mzee mmoja wa kikundi cha maombi akatuambia kwamba kuendelea na dawa ni kumwambia Mungu hatujamwamini. Hakutulazimisha. Sisi wenyewe tulitaka imani yetu iwe kamili, tukaziacha. Wiki ya saba mwanangu alianguka bafuni, akavunjika jino la mbele, na safari hii kifafa hakikumwachia. Kikikata, kinarudi. Tulimkimbiza hospitali. Daktari aliyetupokea hakunigombeza. Aliuliza tu dawa zilisimama lini, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Dawa tulizirudisha. Siku hizi huanguka mara moja kwa mwezi, na wakati mwingine hata miezi miwili hupita salama. Ila kanisani hakuna anayejua. Dawa naziweka kabatini nyuma ya nguo, na mwanangu nimemfundisha asiseme. Ushuhuda wangu bado unasimuliwa. Mchungaji ameutaja madhabahuni zaidi ya mara moja, nami nimekaa palepale nikaitikia "Amina" pamoja na wengine.

Miezi miwili iliyopita mama mmoja alinifuata baada ya ibada. Binti yake amegundulika ana kifafa. Alinishika mikono yote miwili akaniuliza, "Dada, mlifunga siku ngapi? Na dawa mliziacha lini?" Nilimwambia aendelee kuomba, nikajifanya naitwa, nikaondoka. Tangu siku ile usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Jambo jingine lilitokea wiki tatu zilizopita. Niliamka usiku nikakuta taa ya chumba cha watoto inawaka. Kifafa kilikuwa kimemshika mwanangu na kilikuwa kinaelekea kumwachia. Mdogo wake alikuwa amemgeuza ubavu, ameweka mto chini ya kichwa chake, macho ameyakaza kwenye saa ya ukutani anahesabu dakika, na huku anamwimbia taratibu. Hakuwa ameniita. Aliponiona alisema tu, "Dakika mbili, Mama. Kinaisha." Nikasimama pale mlangoni, nikajua, wazi kama ninavyojua jina langu, kwamba Mungu yumo chumbani. Papo hapo hasira ikanipanda. Nikasema moyoni: kwa hiyo hiki ndicho unachonipa? Nimeomba mtoto apone, nimeletewa mto na wimbo?

Na yapo mengine. Muuguzi aliyemhudumia mwanangu alipiga simu siku yake ya mapumziko kuuliza anaendeleaje. Siku ya mtihani tuliyokuwa tukiiogopa ilipita salama. Wenzangu wa kikundi huyaita mambo kama haya miujiza ya kila siku. Wao hushukuru hata kwa funguo zilizopotea zikaonekana. Mimi naogopa. Niliwahi kuita kitu muujiza, mwanangu akanusurika kufa. Nikianza tena kuuona mkono wa Mungu hapa na pale, nitajuaje kwamba sijidanganyi?

Sasa ibada ya shukrani ya mwisho wa mwaka inakaribia, imebaki wiki sita, na mama kiongozi ameniomba niurudie ushuhuda ule. Mume wangu anasema tukisema yaliyotokea tutawavunja moyo wachanga wa imani na kulitia aibu jina la Bwana. Anasema tungoje, huenda Mungu atamalizia kazi yake kabla ya siku hiyo. Dada yangu, ambaye aliacha kanisa siku nyingi, ananiambia niachane na yote. Na juzi, nikiwa nampa mwanangu dawa, aliniuliza, "Mama, Mungu alinisahau au alibadilisha mawazo?" Sikuwa na jibu.

Nisaidie, Mama. Sitaki kumpoteza Mungu. Lakini sitaki tena kumsingizia.

Mama Anayeficha Dawa

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Asifiwe sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye maneno yako mawili ya mwisho. Mtu anayeogopa kumsingizia Mungu bado anamheshimu Mungu. Hilo lishike, hata siku ambazo huoni kingine cha kushika.

Nikikuelewa vizuri, mambo matatu yamekufunga kwa kamba moja. Kuna maneno uliyoyasema mbele za watu, ambayo sasa yanatembea bila wewe. Kuna mtoto anayeumwa, anayekunywa dawa kama mtu anayefanya kosa. Na kuna wewe mwenyewe, uliyeguswa na kitu usiku ule mlangoni, ukakikataa kwa sababu uliwahi kuguswa ukaumia. Wanaokuzunguka wanakuvuta wachague kwa niaba yako: mmoja aseme funika, mwingine aseme tupa. Sitaongeza mkono wa tatu wa kukuvuta. Nitakaa nawe tu tuifungue kamba pole pole.

Lakini lipo moja ambalo haliwezi kungoja, nalo nitakuambia waziwazi: yule mama aliyekushika mikono. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Wewe uliyaona kwa macho yako. Kifafa kinachozidi dakika 5, au kinachorudi kabla mtu hajapata fahamu, ni dharura, na mtoto anaweza kufa. Yule mama alikuuliza dawa mliziacha lini, maana yake ni kwamba wazo la kuziacha tayari analo. Huna haja ya kumsimulia kila kitu. Maneno mawili yanatosha: "Sisi tuliziacha, mtoto nusura tumkose. Usiziguse bila daktari." Najua hatari yake. Anaweza kuuliza zaidi, anaweza kumwambia mwingine, na siri yako ikatoka kabla hujajiandaa. Lakini ukiniuliza lipi kati ya haya yote ningelifanya wiki hii, ni hili.

Sasa turudi kwenye ushuhuda wako. Unaandika kana kwamba ulidanganya. Hebu tuutazame kwa utulivu. Ulisema mambo matatu siku ile, ingawa yalitoka kama sentensi moja. Kwamba mwanao hakuwa ameanguka kwa miezi mitano: ni kweli. Kwamba katika mkesha ule ulipokea amani: ni kweli pia, na hakuna aliyekuja kuifuta amani ile baadaye. Kwamba kifafa kimekwisha: hapo uliivuka mipaka ya kile ulichokiona, ukasema kile ulichokitumaini. Mama yeyote angeweza kuvuka hapo. Huhitaji kuutupa ushuhuda wote ili kurekebisha sehemu yake ya tatu.

Namkumbuka kila mara yule kipofu wa Yohana 9. Mafarisayo walimbana atoe hukumu juu ya Yesu, naye akakataa kusema zaidi ya alichonacho: "Kwamba yeye ni mwenye dhambi sijui. Najua neno moja, kwamba mimi nalikuwa kipofu, na sasa naona." Angalia kwamba neno "sijui" limo ndani ya ushuhuda wenyewe, wala halikuuharibu. Sisi tumezoea ushuhuda usio na "sijui" hata moja, na nadhani mazoea hayo yamewaumiza watu wengi kimyakimya katika viti vya nyuma.

Halafu kuna hizi dawa zilizofichwa nyuma ya nguo. Nikuulize: ile miezi mitano ya kwanza, mwanao alikuwa anakunywa dawa? Kwa maelezo yako, alikuwa anakunywa. Basi je, haikuwa neema kwa sababu ilipitia kwenye kidonge? Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata vipimo na matibabu sahihi. Kwa karne nyingi wazazi waliomtazama mtoto akianguka hawakuwa na kitu mkononi. Augustino, askofu wa Hipo kaskazini mwa Afrika, aliyefariki mwaka 430, aliwahi kuhubiri juu ya arusi ya Kana akasema kwamba Yule aliyegeuza maji kuwa divai siku ile huyageuza kila mwaka ndani ya mizabibu, ila sisi hatushangai kwa sababu tumezoea. Ninapomwona mtoto amemeza kidonge akalala usiku mzima salama, huwa nayafikiria mahubiri hayo.

Yule mzee wa kikundi huenda alisema kwa nia njema, lakini sioni Maandiko yakimuunga mkono. Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyokuwa yakimpata mara kwa mara. Na mwenzake wa safari, Trofimo, Paulo alimwacha katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa. Hakuandika kwamba imani ya Trofimo ilikuwa pungufu. Na kama kuna mtu amewahi kukunong'oneza kwamba kifafa ni pepo, fungua Mathayo 4:24 uone jinsi wanavyotajwa, kila kundi peke yake, wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza. Mwandishi wa Injili aliwatofautisha.

Mume wako simlaumu. Anamwogopea Mungu, kama watu wengi wanaompenda. Lakini ningependa mkae siku moja, watoto wakiwa wamelala, msome pamoja Matendo ya Mitume sura ya 12. Mwanzoni Herode anamuua Yakobo kwa upanga. Mistari michache mbele, malaika anamtoa Petro gerezani, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Kanisa ni lilelile na Mungu ni yuleyule. Luka angeweza kuliruka la Yakobo ili habari ya Petro ing'ae zaidi. Hakuliruka, na sijapata kusikia mtu aliyepoteza imani kwa sababu Luka alisema kweli. Muulize mume wako kwa upole: hao wachanga wa imani anaowahofia ni akina nani hasa? Kama ni yule mama na binti yake, ni nini kitakachowaumiza zaidi, kusikia yaliyowapata ninyi au kutoyasikia?

Kuhusu siku ya shukrani, naona njia kadhaa mbele yako, na hakuna hata moja isiyo na miiba. Unaweza kwenda kwa mchungaji peke yako, au na mume wako, ukamweleza yote kabla ya siku hiyo. Atapata nafasi ya kuacha kuutaja ushuhuda ule, na huenda akasimama nawe. Inawezekana pia akakuomba unyamaze kwa ajili ya sifa ya kanisa, na ukisikia hivyo utaumia mara ya pili. Nenda ukijua mapema ni kitu gani huwezi kukubali. Unaweza kumwambia mama kiongozi kwamba mwaka huu hutasimama, bila kueleza sababu. Hiyo itakupa pumzi, nami sitakuita mwoga, ila maneno yako ya mwaka jana yataendelea kutembea. Unaweza kusimama ukasema kweli yote. Wengine watalia nawe, na wako watakaonong'ona kwamba mlikosa imani ndiyo maana ugonjwa umerudi, na minong'ono hiyo itamfikia mwanao shuleni. Je, yeye ameulizwa? Ugonjwa ni wake. Ana miaka 11, anaweza kukuambia anachotaka kijulikane na asichotaka.

Njia ambayo inanitia wasiwasi zaidi ni ya kungoja Mungu amalizie kazi kabla ya tarehe. Mungu anaweza kumponya mwanao leo usiku, na nitaendelea kuomba hivyo pamoja nawe. Ila kumwekea siku ya mwisho ili atuokoe na aibu ni kumtwika mtoto. Kila atakapoanguka kati ya sasa na siku hiyo, ataona ameharibu kitu.

Sasa tuje mlangoni, usiku ule.

Uliuliza kwa hasira kama mto na wimbo ndivyo ulivyopewa badala ya uponyaji. Sitakuambia vinatosha. Havitoshi, na hakuna aliyekuagiza uvipokee kama fidia. Daudi katika Zaburi ya 13 anauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza, na zaburi hiyo huimbwa kanisani. Hasira yako ina mahali pake ndani ya sala.

Lakini nakuomba umtazame Eliya chini ya mti wa mretemu, 1 Wafalme 19. Ametoka kuuona moto ukishuka kutoka mbinguni, muujiza ambao taifa zima liliuona. Siku chache baadaye yuko jangwani peke yake, akimwambia Mungu, "Yatosha," akitaka kufa. Moto ule mkubwa haukumvusha siku hiyo. Alichopewa ni mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, hakumkemea kwa kuchoka, akamwambia ale kwa maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Yezebeli aliyetaka kumuua bado yuko kwenye kiti chake, hajaondolewa. Mkate ule ulikuwa wa kumfikisha tu, na ulimfikisha Horebu, mwendo wa siku 40.

Na kuna mana. Sijui kama uliwahi kuona kwamba kitu kile kilichowalisha watu kila asubuhi jangwani kilipata jina kutokana na swali. Waliamka wakakiona juu ya nchi, wakaulizana, "Nini hiki?" Hawakujua. Basi nawe unaposimama mlangoni ukauliza hiki ni nini, ni Mungu au ni mimi najidanganya, hujakosea namna ya kupokea. Kutoka 16 inaeleza pia kwamba waliojaribu kuiweka mpaka kesho yake walikuta imeingia mabuu na inanuka. Nimefikiri sana juu ya hilo nikisoma barua yako. Miezi mitano ile ilikuwa mana, mwanangu. Ilikuwa halisi, tena tamu. Lakini mkaichukua mkaiweka iwe akiba ya maisha yote, na mlipoifungua baadaye ilikuwa imeharibika, ndipo ukaanza kushuku kwamba hata asubuhi ile ya kwanza haikuwa mana. Ilikuwa. Ila ilikuwa ya siku zile.

Unaniuliza utajuaje kwamba hujidanganyi. Sina kipimo kisichokosea, ila nina swali ambalo limenisaidia mimi: hiki ninachokiita neema, kinanitaka nifiche kitu? Yale maneno "kifafa kimekwisha" yalikutaka ufiche dawa, ufiche jino lililovunjika, umfundishe mtoto asiseme. Usiku wa mto na wimbo haukukutaka ufiche chochote. Kifafa kilikuwepo pale pale mbele ya macho yako, dakika mbili kamili kwa hesabu ya binti yako, na bado ukajua kwamba Mungu yumo chumbani. Simu ya muuguzi nayo iko hivyo hivyo. Unaweza kuisimulia pamoja na sababu iliyomfanya apige.

Wenzako wanaoshukuru kwa funguo usiwahukumu haraka. Huenda kuna anayeanza na funguo kwa sababu la moyoni mwake bado halitamkiki. Na wewe hulazimiki kushukuru kwa kiwango chao. Siku nyingine hutaona kitu. Iache siku hiyo ipite hivyo.

Kuna jambo umelipita haraka katika barua yako, nami sitalipita. Ni binti yako. Alichofanya ni kizuri mno: amemlaza ubavu, ametuliza kichwa, hakumtia kitu mdomoni, amehesabu dakika. Watu wazima wengi hawajui hayo. Lakini mtoto wa miaka 8 aliyeamka usiku, akafanya yote hayo, wala hakumwita mama yake, huenda anabeba zaidi ya tunavyoona. Labda anaona umechoka, anakuhurumia. Labda siri ya nyumbani imemfundisha kwamba mambo haya hayapigiwi kelele. Mshukuru, mkumbatie, kisha mwambie kwamba kazi yake ya kwanza ni kukuamsha. Akikuona umekuja akaweza kurudi kulala akiwa mtoto, hiyo nayo ni neema, na hiyo iko mikononi mwako.

Na mwanao, aliyeuliza kama alisahauliwa. Zaburi ya 13 inaanza na swali lake hasa: "Ee Bwana, hata lini utanisahau?" Ningemfungulia amwone mwenzake. Ningemwambia pia kwamba mama na baba walisema jambo ambalo walikuwa hawajalijua, kwamba walikosea kuhusu dawa, na kwamba kosa halikuwa lake. Huenda hilo ndilo anauliza chini chini: kama ni yeye aliyeiharibu ile furaha ya kanisa zima. Kuhusu kwa nini hajapona, mwambie hujui. Umwambie na unachokijua. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha," na mwiba ukabaki. Lakini hilo usimpe kama jibu la kumnyamazisha. Mpe baadaye, mkiwa mmeshalia kidogo.

Daktari wenu bila shaka anawataka muandike kila anapoanguka: tarehe, saa, dakika ngapi, alikuwa anafanya nini kabla. Kama hamna daftari hilo, lianzeni, linamsaidia sana kupanga dawa. Na mkishaandika hayo, ongezeni mstari mmoja: nani alikuwa karibu naye. Usiandike neno muujiza kama linakuogopesha. Andika tu aliyekuwepo na alichofanya. Usiku ule mstari wako ungekuwa, "Mdogo wake, mto, wimbo." Baada ya miezi kadhaa lisomeni wote wanne, na dawa zikiwa mezani, si kabatini.

Ukienda kwa mchungaji, huenda daftari hilo ndilo utakaloshika. Ukiamua kutokwenda, litabaki kuwa lenu.

Nitakuwa nikimtaja mwanao kwa Mungu kila jioni, nikiomba apone, bila kuona haya kuomba tena. Na niandikie, hata kama ni mistari miwili. Nimebaki nikijiuliza binti yako alikuwa anaimba wimbo gani.